Mafuta ya mimea kwenye injini ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila bei ya oili ikipanda swali hili linarudi gereji na kwenye vijiwe vya bodaboda: kwa nini tusitumie mafuta ya mbegu zetu wenyewe? Alizeti imejaa Singida na Dodoma, mawese Kigoma, nazi pwani nzima. Ni swali zuri na linastahili jibu la kueleweka. Nimeyaweka maswali vile watu wanavyouliza, majibu mengine yamekuwa marefu na mengine mafupi kwa sababu mambo yenyewe hayalingani.

Nikimwaga oili nikaweka mafuta ya alizeti ya kupikia, gari litatembea?

Litatembea. Tena mwanzoni litatembea vizuri, injini kimya, taa ya oili imezima, ndio maana kuna watu wanaapa kwamba walijaribu na hakuna kilichotokea. Mafuta ya mimea yanateleza kweli, hilo halina ubishi. Molekuli zake zina upande unaong'ang'ania chuma, kwa hiyo yanashika kwenye pistoni na krenki kuliko oili ya kisima (ile ya kawaida inayotokana na mafuta ghafi) ikiwa tupu bila viongezeo. Halafu uzito wake (sio wa kilo, ni ule wa kutiririka, mepesi au mazito) haubadiliki sana kati ya baridi na joto. Kuna kipimo cha hilo kinaitwa viskositi indeksi, oili ya kisima ya kawaida inacheza kwenye 95 mpaka 100 hivi, soya na alizeti zinapita 200. Hata kushika moto hayashiki haraka, mvuke wa mafuta ya mimea hauwaki mpaka joto lipite nyuzi 300 wakati oili nyingi za kisima ni 200 na kitu.

Kwa hiyo siku ya kwanza alizeti inaweza kuonekana imeishinda oili. Lakini injini haikununuliwa kwa ajili ya siku moja. Na hata hiyo siku moja kuna jambo: alizeti kwenye joto la nyuzi 100 ina uzito sawa na oili ya SAE 20 (namba ikiwa ndogo oili ni nyepesi), wakati magari mengi ya mtumba tunayoendesha yanataka 30 au 40. Injini iliyochoka yenye beringi zilizoachia nafasi ikipewa kitu chepesi hivyo, presha ya oili inashuka. Usiweke.

Sawa, lakini shida hasa iko wapi kama yanateleza?

Shida ni oksijeni na joto, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ukielewa hili maswali mengine yote yanajijibu.

Mafuta ya mbegu yamejengwa kwa minyororo mitatu ya asidi ya mafuta iliyoshikwa na gliserini. Kwenye hiyo minyororo kuna sehemu dhaifu, zile zenye viungo viwili viwili vya kaboni, na mbegu kama alizeti ya kawaida, soya na mahindi zinazo nyingi sana. Oksijeni inapenda kuingia hapo. Kwenye chupa jikoni inachukua miezi mpaka mafuta yaanze kuchacha, lakini ndani ya injini oili inakaa kwenye nyuzi 90 mpaka 110, pale kwenye ringi za pistoni inapita 200, inapigwapigwa na krenki mpaka inachanganyika na hewa, na kuna shaba na chuma vinavyoharakisha mambo. Yanaanza kuungana molekuli kwa molekuli, yanakuwa mazito, halafu yanakuwa gundi, mwisho yanakuwa vanishi ngumu. Angalia pembeni mwa kikaango cha zamani, ile rangi ya kahawia inayonata ambayo hata steelwool inahangaika nayo, ndiyo hiyo hiyo inayojijenga kwenye ringi zako. Ringi zikinata injini inaanza kula oili na kutoa moshi, matundu ya kupitisha oili yanaziba, chujio la pampu kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) linaziba, na siku oili isipofika kwenye krenki, injini inanoki. Hiyo ni overhaul au injini nyingine kabisa.

Kuna la pili ambalo watu hawalisemi sana. Maji. Injini yoyote inatengeneza maji inapochoma mafuta, na gari la safari fupi fupi za mjini halipati joto la kutosha kuyakausha. Maji yakikutana na mafuta ya mimea kwenye joto yanaivunja ile molekuli, asidi zinabaki huru, na asidi hizo zinakula madini ya beringi hasa risasi na shaba. Oili ya kisima haina udhaifu huo.

Mbona mafuta ya mbarika yalitumika kwenye ndege za vita na hazikufa?

Ni kweli kabisa, yalitumika. Mbarika, ambayo wengine mnaiita nyonyo, ni mmea tofauti na wenzake. Karibu asilimia 85 mpaka 90 ya mafuta yake ni asidi ya aina moja tu inayoitwa risinoleiki, ina kiungo dhaifu kimoja tu na ina kipande cha ziada kinachofanya mafuta yawe mazito na yashike chuma kwa nguvu. Kwenye nyuzi 100 uzito wake unafika kama SAE 50. Kingine ni kwamba mbarika haiyeyuki vizuri kwenye petroli.

Hilo la mwisho ndilo lililoifanya itafutwe kwenye vita vya kwanza vya dunia. Injini za ndege za wakati ule kama Gnome na Le Rhône zilikuwa zinazunguka silinda zake zote pamoja na panga boi, na petroli ilikuwa inapitia ndani ya krenkikesi humo humo ilipo oili. Oili ya kisima ingesafishwa na petroli, mbarika ikabaki palepale. Ndege za Sopwith zenye injini za Gnome zilifika mpaka kwetu, mwaka 1915 Waingereza walizitumia kuitafuta meli ya Wajerumani Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji.

Lakini sasa sikiliza sehemu inayorukwa na wanaoleta huu mfano. Zile injini zilikuwa hazirudishi oili. Inapita mara moja, inalainisha, inatupwa nje na moshi, rubani anarushiwa usoni na kuivuta, na inasimuliwa marubani walikuwa wanaharisha kwa sababu mbarika ni dawa ya kuharisha. Oili haikupata muda wa kuzeeka. Na hata hivyo injini zilikuwa zinafunguliwa na kusafishwa kila baada ya muda mfupi wa kuruka. Gari lako linazungusha lita 4 zile zile kwa kilomita elfu tano au zaidi. Ni kazi mbili tofauti.

Kwenye mashindano mbarika iliendelea. Kampuni ya Wakefield ya Uingereza ilitoa Castrol mwaka 1909 ikiwa na mbarika ndani, na baadaye Castrol R ikawa oili ya magari na pikipiki za mbio, wazee wa mbio wanaikumbuka kwa harufu yake. Mpaka leo injini ndogo za ndege za kuchezea na baadhi ya gokati zinatumia mbarika. Zote hizo ni injini zinazofunguliwa mara kwa mara na mtu anayezijua.

Si Rudolf Diesel alitumia mafuta ya karanga?

Injini ya dizeli ilionyeshwa ikitembea kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, lakini yalikuwa mafuta ya kuchoma, sio ya kulainisha. Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili. Kuchomwa ni jambo la sekunde moja, kulainisha ni kukaa humo miezi.

Tena mwenye kuchoma mafuta ya mimea au biodizeli ana la kuangalia zaidi, kwa sababu kiasi kidogo kinapita kwenye ringi kinashuka kwenye sampo. Dizeli ya kawaida ikishuka, nyingi yake inakauka kwa joto, biodizeli haikauki kirahisi, inabaki inajilimbikiza na kuiharibu oili. Ndio maana anayetumia biodizeli nyingi anashauriwa kubadilisha oili mapema zaidi.

Nazi na mawese hazina viungo dhaifu vingi. Kwa nini zisitumike?

Aliyeuliza hili amefikiri vizuri. Nazi inavumilia oksijeni kuliko alizeti kwa mbali sana. Ila inaganda ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mawese yanaanza kuganda hata juu ya hapo. Dar mchana utaona iko sawa, peleka gari hilo Njombe au Limuru asubuhi ya mwezi wa saba uwashe injini huku oili imekuwa kama siagi ndani ya sampo, pampu haina cha kunyonya, na dakika hizo za kwanza zinatosha kuua krenki.

Hapo ndipo penyewe kwenye mafuta ghafi: yanayovumilia joto yanaganda, yasiyoganda hayavumilii joto. Anayekuuzia mafuta ghafi kwamba yana vyote viwili muulize amefanyaje.

Kwa hiyo oili ya injini ya mimea haipo duniani?

Ipo, na inafanya kazi vizuri, ila sio mafuta yaliyokamuliwa yakamiminwa kwenye kopo. Yamebadilishwa.

Njia ya kwanza ni kuanzia shambani. Kuna aina za alizeti na soya zilizozalishwa ili mafuta yake yawe na asidi ya oleiki nyingi, alizeti za namna hiyo zinapita asilimia 80. Oleiki ina kiungo dhaifu kimoja tu kwa hiyo inazeeka polepole zaidi. Njia ya pili ni kiwandani, unatoa ile gliserini unaweka aina nyingine ya alkoholi isiyovunjika ovyo, unapata esta. Esta hizi sio jambo la majaribio hata kidogo, injini za ndege za jeti zinalainishwa kwa esta miaka yote hii, na oili nyingi za sintetiki za bei kubwa zina esta ndani yake, hata mwenye gari hajui. Malighafi ya esta mara nyingi ni mafuta ya mimea au ya wanyama. Njia ya tatu ni estolaidi, asidi za mafuta zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, kampuni ya Biosynthetic Technologies ya Marekani imejikita huko.

Mfano mmoja mzuri ni G-Oil ya Marekani, mwaka 2009 ilipata cheti cha API (taasisi ya Marekani inayothibitisha oili za injini) kwa uzito wa 5W-30. Ilitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, sio ya mimea, lakini wazo ni lile lile. Ilipita vipimo vile vile vya injini ambavyo oili ya kisima inapitishwa, na kwangu hilo ndilo la maana kuliko matangazo yote.

"Isiyo ya petroli" maana yake ni mimea tu?

Hapana. Kuna oili inayotengenezwa kwa gesi asilia. Kiwanda cha Pearl kilichopo Ras Laffan, Qatar, kilianza mwaka 2011, kinachukua gesi na kuigeuza kuwa mafuta safi ya kutengenezea oili za Shell. Haitokani na mafuta ghafi, lakini bado inatoka ardhini na haitarudi. Na sintetiki kwa ujumla sio lazima iwe ya mimea, nyingi zinaanza na mafuta ghafi au gesi. Ukiona kopo limeandikwa sintetiki usidhani ni ya kijani.

Kuna jamaa anauza "oili ya asili" kwenye chupa za maji, anasema inazidi ya dukani. Nitajuaje?

Angalia mambo mawili. Uzito umeandikwa, mfano 10W-40 au 5W-30, na unalingana na kitabu cha gari lako? Na daraja la API limeandikwa, mfano SN au SP kwa petroli? Chupa ya maji haina lolote kati ya hayo, basi. Asije akakuonyesha kwa kusugua kati ya vidole au kuchoma kwenye kijiko, hayo hayapimi chochote kinachotokea ndani ya injini baada ya wiki sita. Oili feki zipo za kutosha tayari mitaani, tusiongeze na hii.

Wa bodaboda mna la ziada: pikipiki nyingi oili hiyo hiyo ndiyo inayolowesha klachi. Tafuteni alama ya JASO MA au MA2, ni ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Kitu kinachoteleza kupita kiasi kitafanya klachi iteleze, pikipiki inapiga kelele haiendi.

Niko porini, oili imevuja, kuna dumu la alizeti tu kwenye gari. Nifanye nini?

Kwanza zima injini. Kama kuna namna ya kuvutwa, vutwa. Kama hakuna kabisa na usiku unaingia na kuna watoto garini, injini yenye mafuta ya alizeti ni bora kuliko injini kavu, hapa sitakudanganya. Ziba panapovuja kadiri utakavyoweza, jaza mpaka alama ya kwenye kijiti, usipite, nenda taratibu bila kuvuta moto, macho kwenye taa ya oili na geji ya joto, mpaka duka la kwanza lenye oili. Ukifika mwaga yote na ubadilishe filta. Usiseme "bado iko sawa nitamaliza nayo wiki".

Mafuta yaliyokaangia chipsi je?

Hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Yameshazeeka, yana asidi, yana chumvi, yana maji na makombo. Hapana.

Nimeshaweka mafuta ya kupikia mwezi mzima. Nimeua injini?

Sio lazima. Mwaga yakiwa ya moto, badilisha filta, weka oili sahihi ya bei ya kawaida, tembea kilomita chache, kama mia hivi, kisha mwaga tena na filta nyingine. Muombe fundi afungue kifuniko cha juu cha injini aangalie. Akikuta rangi ya kahawia inayonata, bora ashushe sampo asafishe chujio la pampu kabla halijaziba kabisa. Usikimbilie dawa kali za kusafishia injini, zinabandua vipande vikubwa vya uchafu kwa pamoja na vipande hivyo vinaenda kuziba pale pale unapopaogopa.

Naweza kuchanganya oili ya mimea na ya kawaida?

Yenye cheti cha API unaweza kuongezea juu ya nyingine yenye cheti, imetengenezwa ivumilie hilo. Mbarika ya mashindano usichanganye na ya kisima, hazikai pamoja, na gari lililokuwa linatumia mojawapo linasafishwa kabisa kabla ya kuhamia nyingine.

Kuna mahali kwenye gari langu mimea inatumika tayari?

Kipo kitu ambacho fundi wako anakishika kila siku. Grisi ya lithiamu, ile ya kawaida kabisa ya kwenye beringi za matairi, inagandishwa kwa sabuni ambayo kwa kawaida inatokana na asidi ya mbarika. Yaani mbarika haijawahi kuondoka gereji, imebadilishwa tu umbo. Na zamani kidogo kwenye gia za otomatiki za Marekani walikuwa wanaweka mafuta ya nyangumi, yalipopigwa marufuku miaka ya 1970 jojoba ikawa moja ya vitu vilivyotafutwa kuziba pengo kwa sababu mafuta yake yanafanana sana na yale.

Kama kwenye gari ni ngumu hivyo, mimea inafaa wapi sasa hivi?

Inafaa pale ambapo oili inapotea. Hapa ndipo natamani watu wengi waweke nguvu.

Chukua chensoo. Oili ya mnyororo haizunguki, inarushwa yote msituni, lita kwa lita. Haihitaji kuishi kilomita elfu tano, inahitaji kuteleza dakika chache tu, na hiyo ndiyo kazi mafuta ya mimea wanayoiweza kuliko mtu yeyote. Austria ilikataza oili za kisima kwenye minyororo ya chensoo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukienda kwenye misitu ya kupandwa kama Sao Hill, Mufindi, kwa nini mnyororo ulainishwe na oili chafu ya gari, yenye masizi na metali, inayorushwa kwenye udongo na kwenye mikono ya mkataji, wakati mafuta ya mbegu yangefanya kazi hiyo hiyo?

Halafu boti. Injini za kufunga nyuma za stroku mbili, zinazosukuma boti za uvuvi kuanzia Unguja mpaka Mwanza na Kigoma, zinachanganya oili na petroli, na moshi unatokea chini ya maji. Sehemu ya oili inatoka bila kuungua na kuingia moja kwa moja kwenye maji tunayovua na kunywa. Oili za stroku mbili zenye msingi wa esta zipo sokoni huko nje, na zile zinazopimwa kuwa zinaoza lazima angalau asilimia 60 iwe imeoza ndani ya siku 28. Ni ghali kuliko za kawaida, ndio. Lakini usimimine alizeti ya dukani kwenye tenki, itaacha gundi kwenye ringi na kwenye tundu la moshi. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na yenye alama ya TC-W3, ya oili za injini za boti za stroku mbili.

Tunaweza kutengeneza hapa kwetu?

Kwa maoni yangu ndiyo, ila tusianzie kwenye oili ya injini. Vipimo vya injini vya kupata cheti ni ghali sana na vinahitaji viongezeo ambavyo kampuni chache duniani zinatengeneza. Oili ya mnyororo, mafuta ya kupaka mbao za fomu za zege ili zisishike, grisi, hivyo vinawezekana kwa mtaji wa mtu wa kawaida na mkemia mmoja anayejua kazi.

Na mmea wa kuanza nao ningesema mbarika, sio alizeti. Alizeti ni chakula, na tuliona mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza bei ya mafuta ya kula ilivyowaumiza watu, hatuwezi kutoa mafuta mezani kwenda kuyaweka kwenye msumeno wakati bado tunaagiza mengine nje. Mbarika hailiwi, inavumilia ukame wa Dodoma na Singida, na sehemu kubwa ya inayouzwa duniani inatoka India, hasa Gujarat, kwa hiyo soko lipo. Tahadhari moja kubwa: mbegu zake zina sumu kali ya risini, mafuta yakikamuliwa na kusafishwa vizuri sumu inabaki kwenye mashudu. Watoto na mifugo wakae mbali, mashudu hayo yasichanganywe kwenye chakula cha ng'ombe wala kuku.

Oili ya mimea iliyotumika naweza kumwaga chini kwa sababu inaoza?

Hapana. Ikishatoka kwenye injini ina masizi, mabaki ya petroli, na metali zilizosagika, hivyo haviozi hata kama mafuta yenyewe yanaoza. Iweke kwenye dumu moja na oili chafu nyingine umpe anayekusanya. Na ile tabia ya kupaka oili chafu kwenye mbao za kenchi kuzuia mchwa, iwe ya kisima au ya mimea, usiifanye kwenye nyumba unayolala.